Kujaziwa fomu ya Green Card pale Mwanga: picha safi, maelezo haba

Steshenari hii ya Mwanga, mjini Kigoma, imenijazia fomu ya bahati nasibu ya Green Card, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, mara tatu, ya kwanza Oktoba 2019 na ya mwisho Oktoba 2024, kwa hiyo ninayoyaandika hayatokani na hasira za siku moja.

Kazi ya mikono wanaiweza. Picha inayotakiwa ni ya mraba, pikseli 600 kwa 600, ukuta mweupe nyuma na bila miwani, na kijana wa kamera hukurudisha kitini hata mara nne mpaka kivuli cha sikio kitoweke. Karatasi yenye namba ya uthibitisho hukabidhiwa papo hapo, na hilo si jambo dogo, kwani bila namba hiyo mtu hawezi kuyaona matokeo yake, na wapo mawakala wanaoing'ang'ania ili walipwe tena.

Udhaifu wao uko kwenye maelezo. Tarehe 31 Januari 2020 Rais Trump alitia saini tamko la kuwazuia raia wa Tanzania na Sudan kupewa viza za bahati nasibu hiyo kuanzia 21 Februari, ingawa viza za masomo na za matembezi hazikuguswa. Oktoba ya mwaka uleule nilimpeleka mdogo wangu. Wakapokea shilingi 10,000 bila kugusia zuio hilo, nasi tukaja kuambiwa na dereva wa bodaboda tukirudi nyumbani. Sisemi tuliibiwa, maana fomu zilikuwa zikipokelewa bado, na Rais Biden alilifuta tamko lile 20 Januari 2021. Lakini kujaza fomu kwenye tovuti ya Marekani kulikuwa bure, tulichokilipia ni picha na uchapaji, na mteja alistahili kujua hali ilivyo kabla ya kufungua pochi.

Juni 2025 nilikuta kosa la upande wa pili. Marekani ilikuwa imewawekea Warundi vizuizi vya baadhi ya viza kuanzia tarehe 9, na mhudumu akatutangazia sote tuliokuwa kwenye foleni, Warundi kwa Watanzania, kwamba "Marekani imefungwa", ilhali Tanzania haikuwamo katika orodha ile.

Kwa picha nitarudi; habari za viza nitaziuliza ubalozini. Ukienda kabla ya saa nne asubuhi hakuna foleni, na umeme ukikatika wana jenereta.