Kadi ya picha inachemka: ubadilishe pesti au upunguze volti?

Ukiongeza kasi ya kadi ya picha (kifaa kinachochora picha za gemu kwenye skrini) hapa Dar mwezi wa Februari, mchana chumba chenyewe kinaweza kuwa na nyuzi 32 kabla hujawasha kompyuta. Kadi ikifika nyuzi 83 hivi, nyingi huanza kujipunguzia kasi zenyewe, na kazi yako yote inapotea bure. Njia mbili hubishaniwa kila siku: kubadilisha pesti ya joto, yaani ile krimu inayopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye kipoza joto, au kupunguza volti inayoingia kwenye chipu.

Kwa gharama, volti inashinda bila ubishi. MSI Afterburner, programu ya kurekebisha volti na kasi ya kadi, ni ya bure. Umeme unaoliwa na chipu hufuata mraba wa volti: ukishusha volti kutoka 1.05 hadi 0.95 kwa kasi ileile, umeme huo unapungua kwa karibu asilimia 18. Shuka kidogo kidogo tu. Gemu ikijizima ghafla, ujue umepitiliza.

Lakini volti haiponyi pesti iliyokauka. Yangu nilipoifungua, ilikuwa imepasukapasuka kama tope la kiangazi, na mapezi ya kipoza joto yamezibwa na vumbi. Nikafuta kwa spiriti, nikapaka mpya niliyonunua Kariakoo, joto likashuka siku ileile. Ila skrubu ni ndogo sana, pedi laini za kupitisha joto la memori huchanika, na waranti inaweza kupotea.

Kadi mpya yenye waranti, anza na volti. Ya mtumba ambayo haijafunguliwa miaka mingi, pesti kwanza, hasa kama feni inakimbia kwa nguvu zote na joto haliteremki.