Tathmini ya kallsyms kwenye bodi ya Blackfin: majina ya funksheni zilizo nje ya SDRAM

Katika karakana yetu ya Kampemba, hapa Lubumbashi, tunatunza vifaa vya kupimia mtetemo wa pampu, na kila kimoja kinaendeshwa na bodi ya BF537-STAMP ya Analog Devices, yenye prosesa ya Blackfin na SDRAM (kumbukumbu kuu iliyo nje ya chipu) ya megabaiti 64. Baadhi yake vimefungwa Kolwezi, kilomita zipatazo 300 kutoka hapa, kwa hiyo kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) inapoanguka huko, fundi wa zamu hunipigia simu na kunisomea maandishi yaliyobaki kwenye skrini. Ninachotathmini ni kallsyms, yaani sehemu ya kerneli inayotunza jedwali la majina ya funksheni pamoja na anwani zake, nami naipima kwa swali moja: je, fundi yule atanisomea jina, au atanisomea tarakimu nane ambazo simu ikikatika katikati tunaanza upya?

Ugumu unatokana na mpangilio wa kumbukumbu za Blackfin. SDRAM huanza kwenye anwani sifuri, ilhali L1 ya maelekezo, yaani kumbukumbu ya msimbo iliyomo ndani ya chipu yenyewe, huanza 0xFFA00000, na kati yao pana pengo kubwa mno. L1 hiyo ni ndogo, kilobaiti 64 tu kwenye BF537, na 16 kati ya hizo zaweza kutumika kama kashe, yaani akiba ya muda. Lakini kwa kuwa husomwa kwa kasi ya prosesa, anayeandaa kerneli huhamishia humo msimbo unaoitwa mara kwa mara, kama ule wa kupokea interapti (ishara zinazokatiza kazi ya prosesa) au memcpy, funksheni ya kunakili data. Msimbo huo huo ndio ninaoukuta katika ripoti nyingi za ajali ninazosomewa.

Programu inayotengeneza jedwali wakati wa kujenga kerneli hupokea orodha kamili kutoka nm, programu inayoorodhesha majina yaliyomo katika faili lililojengwa, kisha, usipochagua KALLSYMS_ALL (yaani majina yote), huacha kila jina lisilo la msimbo. Kwa prosesa za kawaida msimbo ni kilichopo kati ya alama ya mwanzo _stext na ya mwisho _etext, au kati ya _sinittext na _einittext kwa msimbo wa kuwashia, na jina la L1 likipimwa kwa mipaka hiyo miwili peke yake lingetupwa. Kwa ajili ya Blackfin ziliongezwa jozi ya _stext_l1 na _etext_l1, na ya _stext_l2 na _etext_l2 kwa chipu kama BF561 yenye L2 (kumbukumbu nyingine ya ndani ya chipu) ya kilobaiti 128. Jozi zote zimepangwa katika safu moja, nayo programu huzipitia moja baada ya nyingine, hivyo kuongeza eneo jipya ni kuandika mstari mmoja. Huu ni ufundi ninaouheshimu sana. Tena alama ya _etext_l1 yenyewe hubaki jedwalini, na kwa sababu ukubwa wa funksheni huhesabiwa hadi alama inayofuata, funksheni ya mwisho ya L1 nayo hupata ukubwa wake wa kweli.

Lawama yangu ni kwamba maarifa hayo yamewekwa mahali pawili. Kerneli inayokimbia nayo hukagua anwani kabla ya kutafuta jina, na kwa maeneo ya pembeni hutegemea arch_is_kernel_text, ambayo kila aina ya prosesa yaweza kujiandikia yake. Nilipoongeza eneo langu la majaribio upande wa ujenzi tu, jina lilionekana vizuri ndani ya /proc/kallsyms, faili inayoonyesha jedwali hilo, lakini ripoti ya ajali iliendelea kutoa namba tupu, na nilipoteza siku mbili nikishuku bodi isiyo na kosa lolote.

System.map, faili ya majina inayotolewa kerneli inapojengwa, ingeweza kunisaidia, kwa kuwa nayo hutoka kwa nm na ina majina karibu yote, ila lazima iwe ya ujenzi ule ule ulio kwenye kifaa, jambo ambalo si rahisi kulihakikisha kwa simu. Sasa, pande zote mbili zikijua maeneo hayo, fundi hunisomea jina la funksheni na umbali ndani yake, nami hufungua msimbo papo hapo.

Anayetaka kufuata njia hii ajue kuwa Blackfin iliondolewa katika Linux 4.17, mwaka 2018. Atumie 4.16 au toleo la nyuma yake.