Kutoka Ibra kwenda baharini mwezi wa saba: Ashkharah, Sur au Fins?

Mtu akikaa Ibra, huku bara ya Oman, mwezi wa saba ndo anajua jua ni kitu gani, yaani maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto kwa vile tangi liko juu ya dari linapikika mchana kutwa, hita tunaizima mwezi wa tano hatuiwashi tena mpaka baridi irudi. Basi kila ikifika Ijumaa watoto swali lao ni hilo hilo, mama leo bahari gani? Na sisi wa Ibra na Bidiyah tunaonewa kweli, huku mchanga wa Wahiba huku majabali, bahari yoyote unayoitaka uendeshe saa na nusu, mbili na ushee. Karibu zote nshazifika kwa hiyo ntasema nilivyoziona mie.

Kwanza kuna hili kosa letu la kudhani bahari ni baridi. Sio! Mwezi wa sita 2018 pale Quriyat, mji wa pwani kabisa, joto lilikaa siku nzima usiku na mchana bila kushuka chini ya nyuzi 42.6, dunia nzima ikaandika. Sasa wewe toka jangwani na watoto nyuma ukatafute upepo upande ule, utarudi na kichwa kinauma.

Ndo maana Fins mie wakati wa joto siendi. Picha zake nzuri sana, maji ya buluu hata mtu wa Nungwi atakubali, lakini kwetu sisi inabidi ufike Sur kwanza halafu ushike barabara ya Muscat, ukifika ushachoka, kivuli hakuna, na chini kokoto zinachoma nyayo. Mwezi wa kwanza hapo sawa, piga hema ulale.

Sur naipenda kwa moyo wangu na sijifichi, babu yangu alikuwa akisimulia majahazi ya Sur yakishuka na kaskazi kuja Unguja, na ukikaa upande wa Ayjah jioni ukaona ile minara na majahazi unasahau kama uko Oman. Maji yametulia, watoto wadogo wanaoga bila roho kukupaa. Lakini tena, wakati wa baridi tu. Mwezi wa saba Sur ni Ibra yenye jasho.

Ras al Hadd na Ras al Jinz watu wanaziweka kwenye safari ya siku moja sijui kwa nini. Kule kinachofuatwa ni kasa, na kasa wanapanda usiku, unaingia na muongozaji mnamo saa tatu usiku au kabla ya alfajiri, kwa hiyo ama ulale ama usiende.

Imebaki Ashkharah, na ndo tulikokwenda safari hii. Tulitoka saa mbili asubuhi, mimi, mume wangu, watoto watatu na bi mkwe, tukapita Kamil, tukafika Jalan Bani Bu Ali na mapema tukangoja Ijumaa ipite pale msikiti wa Al Hamoda wenye makuba 52 (hata kama huna haraka ya kusali simama uuone). Kipimajoto cha gari kilikuwa kinasoma nyuzi 46 tulipopita Bidiyah. Kutoka Jalan kwenda mbele namba zikaanza kushuka, 41, 37, watoto wanazisoma kwa kelele kama mpira, tulipoona bahari ni 29. Nikateremsha kioo nikasema hili si jengine ni kusi! Kweli ni kusi lile lile letu, linatoka kwetu Unguja linapanda mpaka huku, linasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani halafu ya chini yale ya baridi yanapanda, ndo upepo ukipita juu yake unakuja kama umefungua friji. Bi mkwe akaomba shuka. Mwezi wa saba, Oman, mtu anaomba shuka!

Sasa msinielewe vibaya, Ashkharah wakati wa kusi SI ya kuogelea. Mawimbi yanapiga kama ngoma, mashua za wavuvi zimepandishwa mchangani, na maji yanavuta ndani. Mwanangu wa mwisho akaniuliza mama bahari imekasirika? Miguu tu waliloanisha tena mkono wangu uko kwenye kola. Ukienda ukiwa na hamu ya kuoga utaichukia, ukienda kukaa, kula, kunywa karak (ile chai nzito ya maziwa) na kupumua, hutotaka kurudi.

Ubaya mwengine ni mchanga. Wali wetu tuliutafuna kwa kusikiliza, na mkaa wa mishikaki ulizimika mara tatu mpaka baba watoto akaegesha gari kuwa ukuta. Tukaona basi tukaongeze samaki mkahawani, tuliagiza wa kuchoma tukangoja saa nzima tukaletewa wa kukaanga, kapoa, na bei imepanda njiani. Vyoo sisemi. Naipa 4 kati ya 5, hiyo moja gawaneni vyoo na samaki.

Rudini kabla ya magharibi tafadhali, upepo unatandaza mchanga barabarani na ngamia gizani humuoni mpaka ushamfikia. Sisi tulipokaribia Kamil watoto walikuwa wamelala, nikateremsha kioo kidogo nijaribu, joto likanipiga la uso nikapandisha haraka. Mwezi wa nane tunakwenda tena inshallah, wali ntaupika wa sufuria yenye mfuniko wa kubana, na sweta ya bi mkwe nshaitia kwenye buti.