Kilainishi Gani kwa Kifaa Gani: Geuza Chupa Usome Nyuma

Karibuni tena watazamaji wetu. Kipindi cha leo ni cha watu wazima, kwa hiyo kama umekaa sebuleni na watoto, simamisha video hapa, urudi ukiwa peke yako.

Mezani tuna chupa tatu na kopo moja. Chupa ya kwanza ni kilainishi cha maji, wengi mnakiita jeli au KY. Ya pili ni ya silikoni. Ya tatu ni mseto, yaani maji yaliyochanganywa na silikoni kidogo. Kwenye kopo ni mafuta ya nazi. Pembeni tumepanga vifaa vya faragha vitano, vile vya kujistareheshea kimapenzi: kimoja cha silikoni, kimoja cha plastiki ngumu, kimoja cha kioo, kimoja cha chuma cha pua, na hiki cha mwisho laini, cha bei ya chini, ambacho ukikisogeza puani kinanuka kama pazia jipya la bafuni.

Swali tunalopata kila wiki ni "kilainishi kipi ni kizuri?" Hatuwezi kulijibu mpaka utuambie mambo matatu: kifaa chako kimetengenezwa kwa kitu gani, unakitumia mbele (ukeni) au nyuma (njia ya haja kubwa), na je, kuna kondomu? Ukishajibu hayo, chupa inajichagua yenyewe.

Kabla hatujafungua chochote, neno moja kwa anayedhani kilainishi ni cha mwenye tatizo. Ukavu hauna maana kwamba mtu hana hamu. Mama anayenyonyesha hukauka, mwanamke aliyekoma hedhi hukauka, na hata vidonge vya mafua na mzio hukausha ute. Kifaa nacho hakitoi majimaji yoyote. Bila utelezi kinachubua, na michubuko midogo usiyoiona ndiyo mlango wa maambukizi.

Tuanze na cha maji, kwa sababu ndicho kinachokubaliana na kila kitu hapa mezani: silikoni, plastiki, kioo, chuma, na kondomu za aina zote. Kama hujui kifaa chako kimetengenezwa kwa kitu gani, chukua cha maji, huwezi kukiharibu. Udhaifu wake ni kukauka. Baada ya dakika kadhaa kinaanza kunata, na watu wengi wanakosea hapo: wanamwaga kingine juu ya kile kilichokauka, unapata gundi. Kwanza chovya vidole kwenye maji safi, dondosha matone mawili matatu, usugue. Utelezi unarudi. Ukiona haurudi ndipo uongeze.

Sasa geuza chupa. Mbele kuna maua na maneno matamu, nyuma kuna ukweli. Neno la kutafuta mapema kwenye orodha ni "glycerin", au "propylene glycol". Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo kikikaa nafasi ya pili baada ya maji, ujue kimejaa. Kwa nini tunajali? Fikiria unapotengeneza kachumbari: ukinyunyizia vitunguu chumvi, baada ya muda bakuli lina maji. Maji yametoka ndani ya kitunguu kufuata chumvi. Kilainishi kilichojaa gliserini kinafanya hivyo hivyo kwenye seli za uke na za njia ya haja kubwa, kinavuta maji kutoka ndani yake, seli zinasinyaa, nyingine zinabanduka. Kipimo cha jambo hili kinaitwa osmolaliti: namba ikiwa kubwa, kilainishi kinavuta maji zaidi. Mwili wenyewe uko karibu na 290. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2012, lilisema kilainishi bora kiwe chini ya 380, na kwa kuwa vingi vya madukani havifikii hapo, likaweka mpaka wa juu kuwa 1,200. K-Y Jelly, ambayo ndiyo jina linalojulikana zaidi kwetu, vipimo vilivyochapishwa mwaka huo huo viliikuta juu ya 2,000. Zile za kutia joto ni mbaya zaidi, zimewahi kupimwa zikapita 10,000. Kwa hiyo ukihisi "joto" lile, sehemu yake ni mwili unalalamika.

Kampuni chache huandika osmolaliti kwenye boksi. Isipoandikwa, kanuni yetu ni nyepesi: tafuta ile iliyoandikwa haina gliserini, na ambayo unene wake unatokana na "hydroxyethylcellulose", unga wa mimea usio na madhara hayo. Angalia pia pH, yaani kipimo cha tindikali. Uke wenye afya una tindikali, kati ya 3.8 na 4.5, kwa hiyo kilainishi cha mbele kiwe karibu na 4.5. Cha nyuma kiwe kati ya 5.5 na 7.

Kuna maneno mengine matatu ambayo ukiyaona, rudisha chupa kwenye rafu. "Chlorhexidine" ni dawa ya kuua vijidudu, na haichagui; inaua na wale bakteria wazuri wanaolinda uke. "Nonoxynol-9" ni dawa ya kuua mbegu za kiume. Majaribio kwa wanawake wa Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand, ambayo matokeo yake yalitangazwa Durban mwaka 2000, yalionyesha kuwa waliotumia jeli yenye kiungo hiki mara nyingi kwa siku hawakukingwa na VVU, badala yake hatari iliongezeka, maana inachubua. Na la tatu ni "benzocaine" au "lidocaine", dawa ya ganzi. Hii inauzwa kwa wanaotumia vifaa vya nyuma, kwa ahadi kwamba hutasikia maumivu. Maumivu ndiyo kengele yako. Ukiizima, utaendelea kusukuma huku unachanika.

Chupa ya pili, silikoni. Tone moja linafanya kazi ya matone matano, halikauki, halitoki hata chini ya bomba la mvua, na ngozi haiinywi. Kwa matumizi ya nyuma sisi tunaipa alama za juu kabisa, kwa sababu njia ya haja kubwa haitoi utelezi wake na utando wake ni wa safu moja tu ya seli, wakati uke una safu nyingi. Ni salama kwa kondomu, kioo, chuma na plastiki ngumu. Tatizo ni kwa kifaa cha silikoni. Kamera isogee hapa. Kwenye kitako cha kifaa hiki, upande wa kushoto tuliweka tone la kilainishi cha silikoni na upande wa kulia la maji, tukaacha saa 24, tukaosha kwa sabuni. Nikipitisha kidole kulia, kinateleza pakavu. Kushoto, ona, kidole kinang'ang'ania kama panapobanduliwa stika. Silikoni ya majimaji imeingia ndani ya silikoni ngumu ikaivimbisha. Pale panaponata panashika uchafu na hapasafishiki tena.

Si kila chupa inaharibu kila kifaa, zipo jozi zinazovumiliana. Ndiyo maana tunasema fanya jaribio hili hili kwenye kitako, mahali pasipoingia mwilini, kabla ya kupaka kote. Utaitambua chupa ya silikoni kwa maneno yanayoishia na "-cone" au "-siloxane", kama "dimethicone" na "cyclopentasiloxane". Mseto nao uhesabu kuwa silikoni mpaka jaribio likuambie vingine. Na tahadhari ya bafuni: ikidondoka kwenye vigae, mtu ataanguka. Maji peke yake hayaitoi. Mwaga sabuni ya vyombo kwanza, sugua, ndipo usuuze.

Sasa kopo. Hapa tutakaa, kwa sababu mafuta ndiyo yaliyo karibu na mkono katika nyumba nyingi. Tanzania, mwaka 2016, serikali ilitangaza marufuku ya kuingiza na kuuza vilainishi, na mtu asiyekipata dukani hufungua kabati la jikoni. Basi tuzungumze wazi kilichomo kabatini.

Tazama kondomu hizi mbili za mpira wa kawaida, tumezipuliza kama puto. Hii ninaipaka jeli ya maji. Hii ninaipaka mafuta ya mtoto, nasugua taratibu kwa kidole gumba, sehemu moja tu. Subiri. Mpira unabadilika rangi kidogo, unalegea, na... imepasuka. Ile ya jeli iko palepale. Mafuta yanaingia ndani ya mpira na kuulegeza, tena kwa dakika chache tu. Mafuta ya nazi, ya kupikia, ya mgando, losheni, siagi, yote ni yale yale. Kama unakivisha kifaa kondomu, na tutaona punde kwa nini unaweza kuhitaji, mafuta hayaruhusiwi kabisa. Kondomu ya kike ya FC2 ndiyo inayovumilia mafuta, kwa sababu imetengenezwa kwa nitrili, si kwa mpira wa kawaida.

Bila kondomu, mafuta ya nazi yasiyo na manukato yanakubaliana na kioo, chuma na silikoni safi, na kwa nje ya mwili hatuna ugomvi nayo. Ndani ya uke tunasita. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliofuatilia wanawake wa Los Angeles, ulikuta kwamba waliotumia mafuta ya mgando ukeni walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata maambukizi ya bakteria, na waliotumia mafuta mengine walikutwa zaidi na fangasi. Usitumie losheni, sabuni, wala shampuu, zinaunguza. Jeli ya ultrasound nayo imetengenezwa kwa ngozi ya nje, iache hospitali. Mate yanakauka upesi na yanabeba vijidudu vya mdomoni.

Kifaa hiki cha mwisho, chenye harufu. Kwenye boksi kimeandikwa silikoni, lakini silikoni safi hainuki, na haiachi ukungu wa mafuta kwenye karatasi. Hiki ni plastiki laini iliyochanganywa na kemikali za kulainisha, na ina vitundu visivyoonekana kwa macho ambavyo sabuni haifiki. Mafuta yatakiyeyusha kidogo kidogo. Ushauri wetu ni kutokinunua. Kama tayari unacho, kivishe kondomu mpya kila mara, tumia cha maji tu, wala usimwazime mtu.

Kuhusu kiasi. Kwa nje, tone la ukubwa wa punje ya mahindi linatosha kuanzia. Kwa kifaa kinachoingia mbele, nusu kijiko cha chai, ukigawe: kidogo kwenye kifaa na kidogo mlangoni. Nyuma, anza na kijiko kizima, mililita 5, na usione haya kuongeza. Mimina kwenye kiganja kwanza kipate joto la mwili. Ukianza kuhisi ngozi inavutwa, simama uongeze, usisubiri iwake. Kama ni chupa mpya, siku moja kabla paka kidogo ndani ya kiwiko: pakiwasha au pakiwa pekundu, chupa hiyo si yako. Na wanaotafuta mtoto wajue vilainishi vingi hupunguza kasi ya mbegu, waulize famasi kilichotengenezwa kwa ajili yao.

Kifaa cha nyuma lazima kiwe na kitako kipana kuliko mwili wake. Misuli ya pale huvuta kitu kwenda ndani, na utelezi mzuri unarahisisha zaidi. Kikizama, usichokoe, usinywe dawa ya kuharisha. Nenda hospitali, madaktari wa dharura wanaijua kazi hiyo. Kilichotoka nyuma hakiendi mbele mpaka kioshwe au kibadilishwe kondomu.

Usafi. Osha mara tu unapomaliza, kabla kilainishi hakijakauka, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Visivyo na mota, vya silikoni, chuma au kioo kinachostahimili joto, vichemshe dakika 5. Kioo kianze na maji baridi, usikitumbukize kwenye yanayotokota, kitapasuka. Silikoni na plastiki ngumu unaweza kuziloweka dakika 10 kwenye Jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, kisha usuuze mpaka harufu iishe. Chuma usikiloweke Jiki, kitaliwa. Chenye mota, angalia alama: IPX7 kinavumilia kuzama kwenye maji, IPX4 kinavumilia matone tu, basi kipanguse kwa kitambaa chenye sabuni. Tundu la chaji lifute na ulikaushe kabisa, maana kilainishi kikigandia pale ndipo kifaa kinapokufa.

Vikaushe, kila kimoja kwenye mfuko wake wa kitambaa. Vya laini vikigusana kwa miezi vinaweza kuyeyushana. Chupa ikae mahali pasipofika jua, wala si kwenye gari lililoegeshwa juani. Nyuma yake kuna picha ya kopo lenye mfuniko wazi, ndani imeandikwa 12M au 6M: hiyo ni miezi tangu ulipoifungua. Chukua kalamu, andika tarehe ya leo kwenye lebo.