Kalamu za wino za nibu ya italiki kwa hela ya kawaida, mimi nazipanga hivi

Wenye haraka nawapa jibu hapahapa: kama bajeti yako haivuki dola 40 na unataka nibu (ile ncha ya chuma ya kalamu) ya italiki ya kuandikia kila siku, ya kwanza Pilot Plumix, ya pili TWSBI Eco yenye nibu ya stub 1.1 (namba ni upana wa ncha kwa milimita, stub naieleza chini), ya tatu Lamy, afu seti ya Manuscript kwa anayetaka kujifunza kwanza. Bei nazozitaja ni za maduka ya mtandaoni ya nje na ni za makadirio, usafiri na ushuru ni juu yako na mara nyingi ndo vinauma kuliko kalamu yenyewe, kwahiyo bora mjichange watu watatu wanne muagize mzigo mmoja.

Kwa ambao hawajawahi kuishika: nibu ya kawaida ina kijipira kidogo cha chuma kigumu kwenye ncha, ndo maana ukivuta mstari huku au kule unatoka unene uleule. Italiki imekatwa bapa kama patasi. Ukivuta kwa upana wake mstari unatoka mnene, ukivuta kwa upande wa makali unatoka mwembamba, na kazi yako ni moja tu, kushika ile ncha ikiwa imekaa mshazari wa digrii 45 hivi na kuiacha hapohapo, usiizungushe zungushe vidoleni. Unene na wembamba vinakuja vyenyewe bila kukandamiza, na hapa ndo watu wa biro wanapata shida maana mkono umezoea kukandamiza mpaka mwandiko unasomeka ukurasa wa pili. Mwandiko wa italiki umetoka Italia karne ya 15, makarani na wasomi walitaka kitu cha kuandika haraka ila kisomeke, yaani haukuanza kama pambo la vyeti, ulikuwa mwandiko wa kazi.

Utakutana na maneno mawili kwenye matangazo, italic na stub. Italic kamili ina pembe kali, tofauti ya unene inaonekana vizuri ila ukikosea mkao pembe inakwaruza karatasi. Stub pembe zake zimelainishwa, inasamehe zaidi, na nyingi za bei nafuu hata zikiitwa italic kiukweli ziko katikati. Kwa mtu anayeanza hilo ni jambo zuri wala usilalamike.

Kitu ambacho wauzaji hawakwambii ni upana, na ndo kimepanga hii orodha yangu yote. Walimu wa italiki wana kipimo cha zamani, mwili wa herufi ndogo kama a au n uwe na urefu wa upana wa nibu mara 5. Sasa piga hesabu, nibu ya milimita 1.1 mara 5 ni milimita 5.5, hapo hujaweka shingo ya h wala mkia wa g, na mistari ya daftari nyingi imeachana milimita 7 au 8 tu. Maana yake ukiandika na 1.1 kwenye mistari ya kawaida lazima ubane herufi, na Kiswahili chetu kimejaa a na e, jaribu kuandika "amekaa" au "tumeelewana" uone vile vitundu vya herufi vinavyozibwa na wino, kinabaki kidoti cheusi. Kwahiyo kama mwandiko wako ni mdogo, tafuta nibu nyembamba kwanza, mambo ya rangi na umbo yatafuata. 1.5 na 1.9 ni za vichwa vya habari, bahasha na kadi, sio za notsi.

Plumix inashinda hapo. Nibu yake ya italiki ni nyembamba kuliko 1.1 za Wajerumani, inateleza, na bei yake ipo kwenye dola 10 hivi. Umbo lake, jamani, sitalitetea, ni plastiki inayopitisha mwanga, nene kati, mkia mrefu, ukiitoa kwenye kikao watu wanadhani umechukua ya mtoto. Lakini utamu wake ni kwamba nibu ya Plumix inachomoka na kuingia kwenye kalamu nyingine za Pilot, Metropolitan na Kakuno, kwahiyo watu wengi wanainunua Plumix kwa ajili ya nibu tu, wanaihamishia kwenye Metropolitan ya chuma ambayo inaonekana kalamu ya mtu mzima, na ile nibu ya kawaida iliyotoka kwenye Metropolitan wanaichomeka kwenye Plumix. Unashika nibu pamoja na ulimi mweusi wa chini yake, unavuta wima taratibu, inatoka, usiipinde. Ukijumlisha zote mbili bado uko chini ya dola 40 kabla ya usafiri. Angalizo ni katriji, vile vibomba vya wino vya kuchomeka ndani ya kalamu: Pilot wana katriji za saizi yao wenyewe, ila Metropolitan inayouzwa Ulaya kwa jina la MR inatumia zile fupi za kimataifa, kwahiyo kabla hujaagiza muulize muuzaji ni ipi, usije ukawa na kalamu ya upande mmoja na katriji za upande mwingine.

TWSBI Eco inatoka Taiwan, dola 35 kupanda kidogo. Hii haina habari ya katriji kabisa, unachovya nibu kwenye chupa ya wino, unazungusha kitasa cha nyuma, pistoni inavuta wino unajaa tumbo zima na unauona kwa macho maana mwili ni wa plastiki angavu. Kwetu huku ambako katriji ni za kuwinda, kalamu inayotaka chupa tu ni nafuu kubwa, chupa moja ya wino ukiandika kawaida utasahau lini ulinunua. Ndani ya boksi wanakuwekea kispana kidogo na mafuta ya silikoni ya kulainishia pistoni. Nibu yake ya stub 1.1 ni laini na inamwaga wino mwingi, raha kwenye karatasi nzuri, balaa kwenye daftari la bei rahisi. Imeshika nafasi ya pili kwasababu ya ule upana tu, ingekuwa nyembamba kidogo ingekuwa ya kwanza bila ubishi.

Lamy Safari wengi mnaijua, ya Ujerumani, ipo tangu 1980, ile yenye klipu kubwa kama waya uliokunjwa. Mara nyingi inauzwa na nibu ya kawaida, 1.1 unanunua pembeni, na kubadilisha ni rahisi mno, unabandika selotepu juu ya nibu unavuta mbele inateleza inatoka, unasukumia nyingine. Sehemu ya kushikia ina pembe tatu, kwa mwanafunzi wa italiki inasaidia maana inakulazimisha mkao mmoja, ila kama umeshazoea kushika kwa namna yako itakukera mpaka uiuze. Konveta, kile kibomba cha kuvutia wino wa chupa kinachokaa mahali pa katriji, mara nyingi inauzwa peke yake na lazima iwe ya Lamy, hivyo bei ya kalamu, nibu na konveta ukizijumlisha unajikuta umeshapita hela ya Eco. Ndo maana nimeishusha. Lamy Joy ni ndugu yake, mkia mrefu mwembamba, inakuja na nibu ya italiki tayari, 1.1, 1.5 au 1.9, inapendeza mezani lakini mfukoni haikai.

Manuscript ni ya Uingereza, kalamu nyepesi za plastiki, seti inakuja na nibu kadhaa za upana tofauti kwa hela ya Plumix mbili hivi. Nibu zake zina makali ya kweli kuliko hizo za juu, kwahiyo ukitaka kujua italiki ni nini hasa, hii ndo itakufundisha, na pia ndo itakayokwaruza. Kaweco Sport ya 1.1 nayo ipo, fupi ya mfukoni, nzuri, ila inabeba wino kidogo na nibu pana inakunywa, utakuwa unajaza kila saa.

Kwenye yale masoko ya mtandaoni ya China kuwa macho. Utaona kalamu ya dola 3 au 4 imeandikwa calligraphy, ukivuta picha karibu nibu imepindwa juu kwenye ncha. Hiyo sio italiki, ni nibu ya kuiga brashi, unene wake unabadilika ukiinua au ukilaza kalamu. Sio mbaya, ila sio unachotafuta. Nibu ya italiki ukiiangalia kwa juu ncha yake imenyooka kabisa, kama imekatwa na mkasi.

Wino tumia wa kalamu za wino tu, ule wa kuchorea wenye gundi ndani ukikauka kwenye ulimi wa nibu umeua kalamu. Ikigoma kuanza, suuza kwa maji ya kawaida yenye tone moja la sabuni ya vyombo, afu maji matupu mpaka yatoke meupe. Katriji ikiisha usitupe, bomba la sindano la duka la dawa linaijaza vizuri tu. Karatasi, daftari nyingi wino unasambaa kama mizizi na unapenya nyuma, jaribu karatasi ya fotokopi ya gramu 80, chini yake weka karatasi uliyoipiga mistari mizito ya kukuongoza.

Wanaoandika majina kwenye kadi za harusi, chukueni 1.5 ya Lamy, ila ijaribuni kwanza kwenye kadi iliyoharibika. Kadi ile inayong'aa haifyonzi wino, utaandika Mr & Mrs vizuri kabisa na dakika kumi baadae kidole cha mtu kinafuta Mrs.

Wanaotumia mkono wa kushoto, kama unaandika mkono ukiwa chini ya mstari utaziweza zote hizi, unaweza tu kuilaza karatasi upande wa pili kidogo. Kama mkono unapita juu ya mstari anza na Plumix, pembe zake butu hazitakusumbua sana kama za Manuscript.

Pilot Parallel sijaiweka kwenye orodha makusudi. Upana wake unaanza 1.5 mpaka 6.0, ni bati mbili zilizolaliana badala ya nibu iliyopasuliwa katikati, hutaandikia notsi hata kidogo. Ila kwa wanaojifunza khati ya Kiarabu hiyo ndo ya kununua, ila mkao wa 45 wa italiki usiuhamishie huko, kalamu ya mwanzi ya khati hukatwa mshazari na hizi zimekatwa mraba, kwahiyo itabidi uugeuze mkono mpaka upate pembe ya herufi unayoandika.