TAHADHARI: Alteneta "zilizojengwa upya kwa viwango vya anga". Msinunue kwa video ya volti 14

Wajenzi wa ndege ndogo mnaotumia injini za gari, iwe Subaru, Volkswagen, Corvair au Mazda ya rotari, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anajitangaza kwamba ana alteneta (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuchaji betri) za ampea 60, zimefumuliwa zote na kujengwa upya "kwa viwango vya anga". Tuliyoipokea sisi ilikuwa inang'aa: rangi mpya, kibandiko kipya, puli safi. Tulipoifungua tukakuta brashi zimelika, pete za shaba za rota (sehemu ya ndani inayozunguka) zimechimbika na dayodi moja, kipande kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC, imekufa. Kilichofanyiwa kazi pale ni ganda tu. Na hizo habari za "viwango vya anga" muulizeni karatasi. Kifaa cha ndege chenye idhini huja na cheti, kama Fomu 8130-3 ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) au Fomu 1 ya EASA (ya Ulaya). Yeye ana stika.

Silaha yake ni video. Injini inaunguruma, mita iko kwenye betri, inasoma volti 14.2, mteja anaridhika. Jamani, hapo hajathibitisha kitu. Alteneta dhaifu isipobebeshwa mzigo inaweza kuonyesha volti nzuri kabisa, maana regyuleta (kidhibiti cha volti) inazidi kuilisha rota umeme mpaka volti itimie. Ugonjwa unajitokeza pale ampea zinapodaiwa. Alteneta ya kawaida ya gari ina dayodi kuu sita; ikikatika moja tu, sehemu kubwa ya uwezo imeondoka, na mita ya volti bila mzigo haitakwambia.

Halafu ana kioja kingine: anachomoa waya wa betri injini ikiwaka, anasema "mnaona, haizimi!" Msithubutu. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo mzima. Ukiikata ghafla alteneta ikiwa inachaji, volti zinaruka mpaka makumi kadhaa, na hapo unaweza kuunguza dayodi, regyuleta na hata kompyuta ya injini. Injini ya ndege ya Lycoming yenye magneto mbili, zinazojitengenezea umeme wa cheche zenyewe, inaendelea kuwaka hata umeme wote wa ndege ukikatika. Ya kwetu yenye pampu ya petroli ya umeme, injekta na koili za kompyuta haina huruma hiyo. Betri ikiisha, injini inazima, na uko juu.

Sisi tuliipima hivi, ndege ikiwa imefungwa kamba chini na watu wako mbali na propela. Betri ilichajiwa kwanza ikajaa, kwa sababu betri mbovu inachafua majibu yote. Tukapandisha mizunguko hadi ya safari, tukawasha pampu zote mbili, taa ya kutua na redio, kisha mita ya kubana ya umeme wa DC (inabana waya kwa nje na kusoma ampea) ikawekwa kwenye waya mnene unaotoka kwenye alteneta. Mwanzoni alteneta ilijikaza. Ilipopata moto volti zikaanza kushuka, zikapita 13, zikaendelea. Zikifika chini ya 12.8 hivi na mzigo upo, jua anayelisha ndege ni betri. Ndiyo maana video ya dakika moja inamfaa yeye. Joto halijafika.

Dayodi mbovu hujulikana pia kwa kuweka mita kwenye volti za AC, nyaya zake zikiwa kwenye betri injini ikiwaka. Alteneta nzima hutoa kidogo sana, chini ya volti 0.1. Ukiona inakaribia 0.5, kuna dayodi imeondoka. Mara nyingi hedseti ndiyo inayotangulia kukwambia: mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mizunguko.

Tulipolalamika akasema waya zetu ni mbovu. Ni swali la haki, erthi yenye kutu huzisingizia alteneta nyingi. Tukapima basi volti zinazopotea njiani, mzigo ukiwa umewashwa: kutoka nguzo kubwa ya alteneta hadi chanya ya betri, na kutoka bodi ya alteneta hadi hasi. Ikizidi volti 0.3 upande wowote, anza na waya. Yetu ilikuwa chini ya hapo pande zote, na mkanda ulikuwa umekaza. Akahamia kwenye mizunguko, eti tunaizungusha polepole. Injini inayokwenda mizunguko 4000 kwa dakika na puli inayoongeza mara mbili inaipa alteneta 8000. Anataka ngapi?

Kwa anayemfikiria bado: adai video nyingine. Mita ya kubana kwenye waya mnene, mizigo yote imewashwa, injini ina moto, dakika ishirini bila kukatwa. Sisi tulipoiomba, alituzuia namba.