Skrubu za taya: 1.2 au 1.6?

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo mezani nina skrubu mbili za kupangia meno. Zote aloi ya titani, zote urefu milimita 8. Hii nyembamba ina unene wa milimita 1.2, hii nene 1.6. Sogeza kamera kidogo, mdogo wangu… hapo hapo.

Kwa mgeni: zamani, kurudisha nyuma meno yaliyochomoza, tuliyafunga kwenye magego tukavuta. Kasheshe ni kwamba gego nalo linakuja mbele. Ni kama uko Feri, umesimama ndani ya ngalawa, unavuta kamba ya ngalawa ya pili: mnasogeleana. Skrubu, ikikazwa kwenye mfupa wa taya, ndiyo nguzo ya ufukweni. Kanomi, daktari wa meno wa Japani, alipoandika kuhusu skrubu zake mwaka 1997, zilikuwa za 1.2.

Sasa mnaniuliza sana: "Dokta, si uchukue ndefu, ishike zaidi?" Hapo ndipo wengi wanapotea. Taya si kipande cha mninga kama kile cha mafundi wa Keko, kigumu mpaka ndani. Juu kuna gamba gumu, mara nyingi la milimita 1 hadi 2. Chini yake vitundu kama sifongo. Ukiivuta skrubu kwa ubavu, mzigo karibu wote unalala shingoni, kwenye gamba. Ncha kule ndani haina kazi kubwa. Kwa hiyo naangalia unene. Kihesabu, chuma cha 1.6 kinastahimili kusokotwa zaidi ya mara mbili ya kile cha 1.2. Mimi mwenyewe nimewahi kukata nyembamba ndani ya taya la chini, kipande kikabaki. Siku ile chakula cha mchana hakikupita.

Ila nene nayo ina kiburi. Inataka nafasi kati ya mizizi, walau milimita 1 kila upande. Ikigusa mzizi, mara nyingi hulegea. Na usiikaze kwa hasira! Kwa saizi hii hii, 1.6 kwa 8, mtafiti Motoyoshi na wenzake mwaka 2006 walipendekeza nguvu ya kukaza ya niutoni-sentimita 5 hadi 10. Ukizidisha, mfupa unaobana nyuzi za skrubu unaumia, skrubu inacheza.

Kichwa cha hii nene sijakipenda, kingo zake zinachubua shavu. Hata hivyo nyuma kwenye magego naichukua. Nyembamba naiweka kwa mbele, kwenye mizizi iliyobanana.